Tumia Kalamu Nyeusi Tu

Dodoso limefika Naryn kwa basi la jana,
kurasa nane, na ilani juu: tumia kalamu nyeusi tu.
Yangu nyeusi imeganda wino.
Nimeifumbata kwapani tangu uji wa asubuhi,
na sasa watoto wamelala, ishirini na tisa,
naijibu wizara kwa joto la mwili wangu.

Umefundisha miaka mingapi?
Kumi na saba. Visanduku vinaishia kumi na tano,
kwa hiyo miwili imemwagika nje.
Iwe ile ya mwanzo, nilipokuwa sijui kitu
na kujiona najua. Heri imwagike.

Ulipata mafunzo wapi?
Bishkek, miezi mitatu, bweni lenye mende.
Tulisomeshwa hatua za ukuaji kwa chati ya rangi:
mtoto wa chati ana mashavu, ana mama, ana baba,
hana kikohozi.
Tukapigwa picha, tukapewa cheti.
Hakuna aliyenitajia Emirlan.

Emirlan alikuja mwezi wa pili,
theluji ikinifika mimi magotini, yeye kiunoni.
Hakuvua koti.
Alikula na koti, akalala na koti, mwezi mzima,
mkono mmoja umeshika zipu
kama ashikavyo hatamu mtu asiyemwamini farasi.
Mwongozo ukasema: jenga mazingira rafiki.
Burulkan, msaidizi wangu, aliyeishia darasa la nane,
asiyeweza kutamka "saikolojia" bila kucheka,
alikwenda akavaa koti lake, akaketi ubavuni pake.
Akamenya viazi vya siku nzima kando ya jiko la makaa,
jasho likimchuruzika hadi kidevuni.
Siku ya nne mtoto akasema, "Shangazi, utaungua."
Akafungua zipu yake kwanza, kumwonyesha inavyofunguliwa.

(Mama yake yuko Moscow, anaosha ngazi za watu.
Koti alimnunulia yeye. Hilo tulilijua baadaye.)

Sasa niambieni, waungwana wa wizara,
hicho nikitie alama kisanduku gani?

Je, elimu ya awali ni muhimu sana, muhimu, au muhimu kiasi?
Mkuu wa shule ng'ambo ya barabara huniita mlezi.
Mwalimu, kwake, ni mwenye ubao.
Dereva anayewaleta wakaguzi wangu
hupokea mara mbili ya mshahara wangu,
na simwonei kijicho, barabara ile ina barafu.
Kila semina hufunguliwa kwa samaki mkunje angali mbichi.
Miaka kumi na saba, sijakunja mtoto hata mmoja.
Nimefunga kamba za viatu. Nimefuta makamasi.
Nimesubiri.

Lakini msinielewe vibaya.
Msije mkaandika kwenye ripoti yenu
kwamba walimu wa milimani wanaona moyo unatosha.
Hautoshi.
Yupo Begimai, ana miaka minne,
hatazami uso wa mtu, hajibu jina lake.
Hupanga kokoto za mtoni kwa ukubwa, kutwa nzima,
na ukisogeza moja hulia hadi sauti inakauka.
Burulkan hana koti la kuvaa kwa hilo.
Wala mimi.
Usiku nalala nikijua kuna mtu mahali fulani aliyesoma,
anayejua mlango wa mtoto huyu uko upande gani,
nami nazunguka ukuta nikipapasa.
Nileteeni huyo mtu. Aje hata na chati yake,
ila akae wiki, akae chini, sakafuni.

Maoni ya ziada: mistari mitatu.
Wenzake bado wanakoroma, Begimai ameamka,
amekuja kimya na soksi moja,
akaweka kokoto juu ya kila mstari,
ndogo, ya kati, kubwa.
Hakunitazama. Nami sikumtazama, nisimharibie.
Nimezizungushia wino zote tatu,
mweusi, kama mlivyoagiza.