Pale Panya Walipoishia

Nilipiga tuba katika fanfari ya kampuni
miaka ishirini na sita, mazishi kwa mazishi,
hadi kampuni yenyewe ikazikwa
na hakuna aliyetuita tuipigie.

Ndipo Odile Musonda akaja na sanduku la bati
la marehemu shangazi yake, aliyemfulia nguo
mwashi mmoja Mtaliano, enzi za Elisabethville.
Ndani: kola mbili, wembe, na noti za opera
ambayo hata huko kwao, alisema,
haijaimbwa tangu babu wa babu yake mwashi.
Karatasi rangi ya chai. Harufu ya naftalini.
Sehemu ya tatu panya walikuwa wameila
kuanzia pembeni, kwa adabu, kama wageni wa karamu.

"Fagoti hatuna," akasema. "Tuna wewe."

Komuni ya Kenya ikatucheka:
mnafukua maiti ya watu,
za kwenu mmemaliza kuzika?
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na midomo
iliyoanza kusahau baridi ya shaba.

Mazoezi, karakana ya Kabwit, kati ya magari yasiyo na injini.
Kitaliano tukakiandika kwa chaki mlangoni
tukaona hakitushindi: kila neno
linaishia na irabu, kama yetu,
linaacha mlango wazi.
Numbi, mchochea tanuru wa zamani, akawa waziri mwovu
kwa sauti ya mtu aliyezoea kubishana na moto.
Gauni la malkia lilikuwa pazia la hoteli iliyofungwa;
ukitazama vizuri, pete za kuning'inizia bado zimo.

Usiku wenyewe, Oktoba, joto la kabla ya mvua.
Watu mia mbili na kidogo, wengine wamefuata feni.
Waziri anamletea malkia hukumu ya mwanawe,
anampa kalamu, na hapo noti zinaagiza
kimya, vipimo vinne.
Kimya gani! Kutoka juu: "Usisinye, yaya!"
Na mwingine: "Soma kwanza! Soma kule chini!"
Waliijua karatasi. Kila mmoja alikuwa na mjomba
aliyetia sahihi siku zile za bahasha.
Nikamwona Numbi, mwovu wetu,
anakitazama kidole gumba chake.

Kisha umeme ukaenda.
Tukaingia sehemu ya tatu kwa mwanga wa simu zao,
kurasa zikipungua, mistari ikiliwa upande wa kulia,
hadi neno la malkia likakatika mdomoni:
*perdo*—
Lingeweza kuwa nasamehe.
Lingeweza kuwa napoteza.
Herufi mbili tu, na panya hawasemi.

Tulikuwa tumekubaliana kutobuni kitu.
Kazi yangu, kushika noti ya chini kabisa
mpaka pumzi iniishie. Nikaishika.
Viti vilitetemeka kidogo. Ikaniishia.

Hakuna aliyepiga makofi.
Mwanamke wa safu ya tano, mtoto mgongoni,
akauliza, polepole, kama anayeuliza bei:
"Na kisha?"

Nilirudi kwa miguu, tuba begani,
nikapita kilima cheusi cha mavi ya shaba,
na tangu usiku ule namjibu
kila ninapoifuta kwa kitambaa:
sijui, mama.
Jumapili tunarudia, saa kumi na moja.
Njoo na jirani.