Nimekuja Kuchukua Tu

Msichana anaigeuza skrini initazame,
kisha anaangalia dari,
kama daktari aliyekwambia uvue shati.
Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na tano.
Chini kabisa, kwa herufi za kukodolea macho: Hapana.

Nimekuja kuchukua tu.
Nimeliacha gari likinguruma kwenye theluji ya Sheboygan,
nimepanda ngazi tatu zilizomwagiwa chumvi,
nimesimama mwenyewe, nitabeba mwenyewe,
sahani ni zangu na nitaziosha mwenyewe.
Hapa nani kamhudumia nani?

Marehemu Gerhard hakuwa na shaka.
"Leo mhudumu ni mimi," angesema akiingia na mifuko,
"Arlys, bahashishi yangu iko wapi?"
Nami nachovya mkono kwenye kopo la sarafu za kufulia,
nampa robo dola, anaibusu.
Alikufa Machi.
Bado naagiza tambi za watu wawili.

Mimi si mgeni wa jambo hili.
Miaka thelathini na mmoja nilibeba sahani
kwenye mkahawa ulio kando ya kiwanda cha mabomba,
tatu mkono wa kushoto, birika la kahawa mkono wa kulia.
Tajiri alinilipa dola mbili na ushee kwa saa.
Zilizosalia nilizikuta chini ya visahani, zimelowa.
Najua mkono mtupu haulambwi,
ila naijua pia ladha ya kulamba.
Nilipostaafu sikupewa kiinua mgongo.
Nilipewa mgongo.

Kulikuwa na mzee mmoja, jina lake sikulijua.
Kila Jumatatu kahawa moja na mkate wa kukaanga,
kila Jumatatu dola moja na senti sabini na tano,
hata siku niliyommwagia kahawa gotini,
hata wiki kiwanda kilipofungwa.
Wiki ile nilimkimbilia hadi mlangoni nimrudishie.
Akaniangalia kana kwamba nimemtukana.

Nyuma yangu mtu anachezea funguo.
Msichana, kibandiko kifuani kinasema Kalia,
ingawa amesimama tangu saa nne asubuhi,
ameufunga mfuko mafundo mawili.
Supu ameitia koponi, na kopo ndani ya kopo.
Jina langu ameliandika na ile "y"
ambayo hata benki huikosea.
Hiyo ni kazi? Ni kazi.
Ni juu yangu kuilipa?
Si nimeshatoa dola ishirini na sita?
Zile ni za nani?

Namuuliza: "Hizi pesa zinakufikia?"
Anashusha macho kutoka darini.
Nyuma ya pazia sufuria inagongwa, mtu anakohoa pilipili.
"Jikoni ni mama na mjomba," anasema.
"Zinatufikia.
Zikifika."

Mwenye funguo anapumua kwa nguvu.
Nabonyeza Kiasi Kingine.
Kidole changu cha baridi yabisi kinaandika
moja, nukta, saba, tano.
Kaduara kanazunguka, skrini inafikiri.
Si asilimia ya kitu chochote.

Kalia anaisoma ile tarakimu,
hajui kama ni kejeli au ni heshima,
na mimi, mfuko mkononi,
siwezi kumwambia,
maana hata yule mzee hakuniambia.

Nje, gari limeshapata joto.
Supu nimeiweka kiti cha abiria,
nikaifunga mkanda.