Hesabu ya Vitumbua

Hamira, nazi, iliki,
kuni mbichi haziwaki,
usingizi siutaki,
saa kumi ni jikoni.

Nauza mbele ya skuli,
mwaka wa saba kamili,
na bati langu la pili
bado lipo akilini.

Beseni huja jepesi,
nami mfuko mwepesi;
najiuliza, iblisi
analala kibindoni?

Akanijia Thureya
na daftari lilopwaya:
"Mama, usione haya,
yatie karatasini.

"Andika nazi, mafuta,
na kuni za kuokota,
na maji unayovuta
alfajiri kisimani."

Nikacheka: "Kuni pia?
Zile za bure za njia?"
"Nani alozifatia
mwendo wa saa porini?

"Kimoja hula," kasema,
"mia na sabini, mama;
thelathini ndiyo nyama,
nyingine yote ni kuni.

"Kisha kuna ami Shoka:
viwili vinaondoka
kila siku, kila mwaka,
kwa 'Nitalipa jioni.'

"Shoka akila viwili,
choma kumi na viwili,
uviuze vyote kweli,
urejee sifurini.

"Mia nne kila siku:
mwezini, bei ya kuku;
mwaka, toa dukuduku,
ni bati nne paani."

Nikatazama makuti
yavujayo, na mabati
yaliyoliwa kwa "eti"
na "ndugu" na "tu wandani".

Tena si Shoka, ni mimi
nilochota kumi kumi;
pesa haina ulimi
iseme, "Nirudisheni!"

Sare ya harusi, kanga,
kumbe nalivaa unga;
nikacheza, nikaringa
na mtaji kiunoni.

Mume wangu alicheka
kwanza; mfuko kasaka,
za wiki zimetoweka,
vocha tupu mfukoni.

Akayaosha makopo:
la mtaji, hili hapo;
la nyumba, lingine papo;
la tatu, zaka, wageni.

Upawa nikapunguza;
Thureya kanikataza:
"Mtoto utamliza
na njaa ya darasani."

Asubuhi kaja Shoka,
mkono kaupeleka,
beseni nikafunika:
"Soma kwanza daftarini."

Alisoma, akakuna
kichwa, kisha akanuna:
"Undugu kumbe hakuna!"
Kashika njia ya pwani.

Wiki nzima sikulala,
wifi kanitia ila:
"Ahesabuye chakula
hahesabiwi peponi!"

Moyo ukanisumbua,
daftari nikachukua,
nusura kulipasua,
nilitupe majaani.

Ijumaa kaja tena,
elfu tano kazibana;
hakusema la maana,
kaziacha besenini.

Nami kampa vitatu:
viwili ni bei yetu,
cha tatu, huo ni utu,
nikauandika chini.

Nisijisifu kwa yote:
mwana homa, nisisite,
kopo nilikomba lote,
nikaanza tena chini.

Thureya hakunifoka;
kwa wino aliandika:
"Mama kakopa, taweka
kidogo kidogo ndani."

Wakaja wenzangu saba,
na wa kushona mikoba,
wa ukwaju, wa viroba,
tukaketi barazani.

Mwalimu wetu mtoto,
chaki, mkono kushoto,
na sisi, jasho na joto,
twahesabu vidoleni.

Mkasi akanyamaza:
ukwaju aliouza,
kila fungu kapoteza
hamsini, hamsini.

Sasa mafuta ni dumu,
hununuliwa kwa zamu;
chupa ilitudhulumu
robo robo za dukani.

Leo bati liko juu:
si pesa ya karafuu,
si mkopo wa nafuu,
wala mume safarini.

Ikinya mvua ya vuli
najilaza, sina hili;
yagonga bati la pili:
thelathini, thelathini.