Mkono wa Bonaria

Fonni, Februari. Theluji imelala juu ya vigae.
Bonaria Cugusi anapima unga kwa mkono wa kushoto,
kwa kuwa wa kulia umekuwa mgeni tangu Jumanne,
na siku ya tatu imepita haujashika jembe.
Umevunja sahani mbili. Haukuomba radhi.

Kule Nuoro daktari alimwonyesha picha ya ubongo wake:
madoa meupe, unga uliomwagika gizani.
"Ni askari wako mwenyewe," alisema.
"Wanachuna ganda la neva wakidhani ni adui."
Bonaria alicheka. Milimani kwetu, alijibu,
ugomvi wa ukoo hurithiwa pamoja na mashamba.

Lakini humo ndani, bila yeye kujua,
wapo wanaopita mlango hadi mlango
na neno dogo lisilo na sauti:
Basi. Huyu ni wa nyumbani.
Si wote wanaosikia.
Mmoja anaweka silaha chini,
mwingine anajifia kimya, kama alivyoagizwa,
na mafundi wanakuja kuivika neva nguo mpya,
nyembamba kuliko ya kwanza.

Wiki ya saba, hakuna aliyetangaza chochote.
Alikuwa anafungua tanuri, akahisi
joto
kwenye kidole chenye pete ya mama yake.
Mkate ukaungua.

Hakumwambia Gavino.
Amani ya namna hii haina mkataba,
na baridi hurudi.
Aliukunja mkono taratibu, akaukunjua,
akauuliza: umekula?