Chaguo-msingi

Tuko watatu na kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha,
juu Mabatini, chumba kimeegemea jabali
kama mlevi aliyeegemea rafiki.
Bati linalia kwa jua.
Kazi: mfumo endeshi wa megabaiti mia mbili,
si mia mbili na moja,
kwa mashine kumi na tisa za mialo ya Kome na Ukara
zitakazoandika uzito wa dagaa.

Lutonja anataka kila kitu.
Kikokotoo. Kicheza muziki. Picha ya skrini
yenye ziwa, ambalo dirisha letu linalo bure.
"Je, mtu akihitaji?" anauliza,
na kila "je" ina uzito wake,
naandika pembeni: nane, kumi na nne, thelathini na moja.

Nyanzobe hajibu haraka.
Amekulia kilima hikihiki, ndoo kichwani tangu darasa la pili,
anajua huku juu hakuna kilichojipandisha:
kila tofali, kila godoro, kila lita
ilipita kwenye shingo ya mtu.
"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," anasema,
kisha anafuta kicheza muziki.

Tunafuta.
Michezo imekwenda; ile ya karata niliisindikiza kwa macho.
Fonti arobaini zimebaki mbili.
Printa iliondoka, ikarudi baada ya chai,
ikaondoka tena.
Kihariri cha Lutonja, alichokizoea tangu chuo,
kiligombaniwa hadi saa kumi.
Tukabakiza kile kidogo, kigumu,
kisichokuambia namna ya kutoka.
Akatoka Lutonja.

Kisha nikafanya jambo nisiloringia:
niliifuta lugha.
Faili la Kiswahili, kilobaiti mia nne.
Nikasema watazoea, mbona sisi tulizoea.
Nyanzobe akanitazama
kama mtu aliyekuta kwao kumefungwa kwa nje.
Alilirudisha mwenyewe,
akatoa kurasa za msaada za Kiingereza
ambazo kati yetu hakuna aliyewahi kuzisoma.

Chaguo-msingi:
neno zuri, lenye uongo kidogo ndani yake.
Aliyechagua hayupo linapotumika.
Anayetumia hakuulizwa.

Alhamisi tulivuka Kamanga, kisha Nyakaliro,
toleo la kwanza mfukoni, limefungwa kwa nailoni.
Baada ya siku mbili Bi Mbuke, mwenye mizani pale mwaloni,
alifungua daftari lake la kaunta
akaliweka kando ya skrini.
"Mashine yenu inasema dagaa wote hawa
nimewapima tarehe mosi Januari, mwaka sabini.
Mwaka sabini mimi niko mgongoni."

Umeme ulikuwa umekatika usiku.
Vibao vile havina betri ya saa;
umeme ukirudi vinazaliwa upya,
havijui jana.
Na kulikuwa na programu, mistari ishirini tu,
kazi yake kuandika saa kila baada ya dakika chache
ili giza likija likute imeandikwa.
Si saa kamili, lakini si uzushi.
Kilobaiti tatu.
Niliitoa mimi. Niliiona ndogo mno kuwa na maana.

Tulilala mwaloni, harufu ya dagaa ikatuanika nasi.
Nyanzobe aliirudisha kwa mwanga wa simu,
mbu wakimsoma shingoni.
Lutonja hakusema "si niliwaambia,"
kwa kuwa hilo hakutuambia.
Katika "je" zake zote, ile haikuwamo.

Sasa zimebaki kilobaiti kumi na moja.
Nyanzobe anasema ziachwe wazi.
Za nini?
Za kitu ambacho Bi Mbuke bado hajatuambia.

Lutonja ameshapimia kikokotoo.
Hakiingii.
Amejaribu mara mbili.