Wimbo Usio na Neno

Gesa, mkutubi wetu,
wa kijiji hiki chetu
chenye watu mia tatu,
pwani ya Ujerumani,

alipewa kazi nzito:
nyimbo zifae watoto,
zisizozua msuto,
kwa sherehe mavunoni.

Chai yake ikipoa,
nyimbo akazichomoa
kama dengu, kuondoa
vijiwe vilivyo ndani.

Mpwawe akifasiri
Kiingereza kwa siri,
mashavu yake tanuri,
macho kayaficha chini:

"Huu unataja bangi,
ule wasifu shangingi,
mwingine kelele nyingi,
huu mwisho, kitandani."

Mwisho kapata mmoja,
hauna neno, kioja,
ala peke yake yaja,
ya zamani, kodiani.

Kasema, "Huu salama.
Hata kasisi na mama
watakosa la kusema."
Kauweka wa mwanzoni.

Mavuno. Supu ya boga,
bendera, jua la woga,
uwanjani kumenoga,
wimbo huo hadharani.

Bi Theda akaangua
kicheko, akainua
fimbo: beti azijua
za dansi ya ujanani!

Kumbe wimbo ule ule
una maneno ya kale,
machafu kuliko yale
aliyofuta jikoni.

Wazee wakaudaka,
lugha inayotoweka;
watoto wakaitika
bila kujua ya ndani.

Gesa kidole kanyosha,
kitufe cha kusitisha…
sauti akazidisha,
kajiunga na foleni.