Silinda ya Nne

Zenobio alilileta lori likivutwa na trekta la shemeji yake.
Ni Juni, Challapata, saa moja asubuhi.
Maji ya radieta aliyamwaga usiku yasigande,
na betri alilala nayo chini ya blanketi.
"Imekufa," akasema. "Kijana wa Oruro alipima,
akafunua kitabu, akatikisa kichwa.
Zote sita ziko chini, alisema. Uza chuma."

Sikumjibu. Nilimwomba tu awashe.

Starta ikalia, ikalia, ikachoka, ikalia tena,
ikashika:
moshi mweupe wa kuchoma macho,
dizeli iliyopita humo ndani bila kuungua,
na mwendo wa mtu mwenye kokoto kiatuni.

Nikalegeza nati za paipu za nozeli, moja moja.
Ya kwanza: injini ikayumba. Nikakaza.
Ya pili: ikayumba. Ya tatu nayo.
Ya nne, dizeli ikanitiririka vidoleni
na mlio haukubadilika hata chembe.
Huwezi kumkosa asiyekuwepo.

Tukazima. Nikang'oa nozeli zote,
nikazilaza juu ya gunia kwa zamu zake.
Nikafunga geji. Zenobio akashika ufunguo.
Kumi na sita.
Kumi na sita.
Kumi na tano u nusu.
Tisa.
Kumi na sita. Kumi na tano.

Kitabu kinataka ishirini na tano.
Lakini kitabu kilipigwa chapa karibu na bahari,
kule ambako hewa ni nzito kama uji.
Huku juu tunapumua makombo,
na pistoni itagandamiza nini
zaidi ya kile ilichopakuliwa?
"Hizi tano si wagonjwa," nikamwambia.
"Ni wenyeji tu."

Ikabaki moja.
Nikatia oili, nusu kijiko, si zaidi;
injini ya dizeli haimsamehe mwenye mkono mpana.
Nikapima. Tisa ileile.
Basi si ringi. Ringi zingelowa, zingeziba,
sindano ingepanda.

Nikaipandisha pistoni juu kabisa,
nikasukuma upepo wa kompresa,
nikaanza kutembeza sikio.
Mdomo wa oili: kimya.
Radieta, niliyoijaza maji: hakuna kiputo.
Njia ya hewa: kimya.
Nikazunguka hadi kwenye ekzosi, nikapiga magoti kwenye barafu,
na pale nikaisikia: sss, ndefu, nyembamba,
kama mtu anayeficha kilio mezani.

Nikafungua kifuniko cha juu.
Kipimo chembamba kuliko vyote, unyasi wa chuma,
kilikataa kupita kati ya roka na valvu.
"Nani alizirekebisha hizi?"

Zenobio akahamisha koka kutoka shavu hili hadi lile.
"Mimi. Mwezi wa tatu.
Ilikuwa ikigonga, ikaniudhi njia nzima ya Uyuni.
Nikakaza mpaka ikanyamaza."

Valvu isiyo na nafasi haifungi.
Hubaki mdomo wazi upana wa unywele,
na moto huilamba pale pale, kila mzunguko,
huku dereva akifurahia ukimya.

Nikalegeza, nikapima, nikaipa nafasi yake.
Tukarudisha geji.
Kumi na tatu.
Nilimgeuzia aone mwenyewe.
Si kumi na sita, na sikumdanganya:
ukingo umeshaungua, spana haiwezi kuurudisha.
"Beba kinoa ya msimu huu. Njia ya Potosí, nusu mzigo.
Septemba uje tufungue hedi."

Akalipa nusu kwa noti, nusu kwa viazi vilivyokaushwa na baridi.
Lori likawaka mara ya pili, moshi ukapungua,
na kule juu ya injini
tik, tik, tik.

Getini akasimama.
Akatoa kichwa dirishani, akasikiliza,
akanitazama kama anayeomba ruhusa.
Nikatikisa kichwa.
Iache iseme.